Jumapili ya Watu Wachache



Majuma mawili yaliyopita, baada ya Misa ya jioni, kijana anayepiga dramu katika kwaya yetu alitufuata sakristia. Alitusalimu, kisha akabaki amesimama karibu na mlango akizungushazungusha vijiti vyake mkononi, nasi tukajua kwamba lipo neno. Siku mbili kabla yake, yeye na wenzake wawili, mpiga kinanda na mpiga besi, walikuwa wamepiga muziki wa ala tupu katika ukumbi wa parokia. Walibandika matangazo, wakapanga viti themanini. Wakaja watu kumi na tisa, na katika hao, alisema, watano walikuwa wameingia kujikinga mvua.

"Baba, hata hao waliokuwapo walikuwa wakizungumza tu," akasema. "Naona niache. Nikapige kwenye maharusi, kule watu wapo."

Nasi tulimjibu upesi, kama ilivyo mazoea yetu sisi tuliozoea kuulizwa mambo mlangoni: "Mwanangu, Mungu anasikia." Akashukuru, akaenda zake. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa pia jibu la mtu anayetafuta funguo za kufungia kanisa, na tangu siku ile limetukaa kooni. Tungependa leo kumjibu vizuri zaidi. Na kwa kuwa wako wengi katika parokia zetu wanaofanya kazi njema mbele ya viti vitupu, tangu walimu wa katekisimu hadi wasomaji wa Misa ya alfajiri, tumeona tumjibu hapa, mbele yenu nyote.

Jibu lenyewe linaanzia mbali, mjini New York, nchini Marekani, Jumapili tarehe 25 Juni 1961. Tulilijua miaka mingi iliyopita tulipokuwa masomoni, pale padre mwenzetu alipotuazima diski ya muziki wa jazz akitusihi tuisikilize usiku, taa zikiwa zimezimwa. (Msomaji asichanganye jambo. Kwetu neno hilo tulilizoea katika majina ya bendi za dansi, kama Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe, na muziki wao ulikuwa wa kuchezwa. Huu tunaouzungumzia ni ule wa Wamarekani Weusi, wenyewe wenye asili nao, ambao kufikia wakati huo ulikuwa umekwisha kuwa muziki wa kukaa na kusikiliza, na watu wa kila asili walikuwa wakiupiga.)

Klabu iitwayo Village Vanguard iko chini ya ardhi. Ipo mahali hapo katika barabara ya Seventh Avenue South tangu mwaka 1935, na mwenye kuianzisha aliitwa Max Gordon. Mtu huingia mlango mwembamba, akashuka ngazi, akajikuta katika chumba kinachosongamana kuelekea jukwaani kama kipande cha mkate kilichokatwa upande. Wakijaa kabisa, hukaa watu 123. Makanisa yetu mengi ya vigango ni makubwa kuliko hapo.

Siku hiyo lilikuwapo kundi la watu watatu. Bill Evans alipiga piano, Scott LaFaro alipiga besi ile kubwa ya kusimama, na Paul Motian, mwana wa familia ya asili ya Armenia aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1931, alipiga dramu. Ilikuwa siku ya mwisho ya mkataba wao pale. Kampuni ya santuri ya Riverside, kwa mkono wa mtayarishaji Orrin Keepnews, ilileta mitambo ili kurekodi, nao wakapiga vipindi vitano, viwili vya mchana na vitatu vya jioni na usiku. Katika kipande cha kwanza kabisa umeme ulikatika, na rekodi ikakatika nao. Hapo msomaji wa kwetu atatabasamu, maana alidhani mambo hayo ni ya huku tu.

Watu waliokuja hawakuwa wengi, na hatuhitaji kuambiwa na mtu, kwa maana santuri yenyewe inashuhudia. Makofi ni ya viganja vya kuhesabika. Glasi zinagongana. Watu wanaongea, tena si kwa kunong'ona. Mahali fulani mtu anacheka katikati ya wimbo wa taratibu, na kicheko kile kimehifadhiwa hadi leo pamoja na muziki, kama mbu aliyenaswa katika nta ya mshumaa. Mara ya kwanza tulipokisikia kilituudhi. Tulitamani kumwendea mtu huyo tumguse bega. Siku hizi tunamsubiri afike, maana ndiye anayetuambia jinsi mambo yalivyokuwa.

Sasa tumtazame mpiga dramu. Kazi yake, kama wengi wanavyoielewa, ni kuhesabu. Wengine wapambe, yeye ahesabu. Zamani wapiga dramu wa jazz walihesabu kwa ngoma kubwa ya mguu, pigo kwa pigo. Katika miaka ya 1940 Kenny Clarke na wenzake waliihamishia kazi hiyo kwenye toazi kubwa la juu, na ngoma ya mguu ikapata nafasi ya kusema neno pale tu penye haja. Hata hivyo hesabu iliendelea kuwa hesabu. Mpiga besi naye alitembea na nyuzi zake, noti moja kwa kila pigo, na wawili hao waliegemeana kama watu wawili wanaobeba jeneza, kila mmoja akijua hatua ya mwenzake.

Scott LaFaro hakutembea hivyo. Alikuwa kijana wa miaka 25 na besi yake ilijibizana na piano; ilikatiza, ilipanda juu, ilinyamaza, ilirudi na swali jingine. Maana yake ni kwamba mpiga dramu hakuwa na mtu wa kuegemea. Angeweza kufanya moja kati ya mambo mawili yaliyo rahisi. Angeweza kushika hesabu kwa nguvu, wale wawili waelee juu yake wapendavyo, na muziki ungekuwa salama lakini mzito. Au angeweza kuingia naye katika mazungumzo kwa sauti kubwa, watatu wakasema kwa pamoja, na asisikike hata mmoja.

Motian hakufanya lolote kati ya hayo. Sehemu kubwa ya siku hiyo hakushika hata vijiti, alishika brashi, zile za nyaya nyembamba zinazofunguka kama ufagio mdogo, akazisugua juu ya ngozi ya ngoma kwa mizunguko. Anayesikiliza anaisikia hesabu ingawa hakuna anayehesabu. Pengine anaacha pigo lipite bila kuliguza, na pigo hilo lililoachwa linasikika zaidi kuliko lililopigwa. Pengine analigusa toazi mara moja, analiacha lilie mpaka life lenyewe, na piano inaingia pale pale sauti ile inapoishia. Ili kufanya hivyo ni lazima mtu asikilize wenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe, kwa muda wa vipindi vitano, katika chumba ambamo watu wanaagiza vinywaji.

Mtume Paulo alipotaka mfano wa maneno yasiyo na upendo ndani yake, alichagua toazi. Wapiga dramu wana haki ya kulalamika kidogo kuhusu hilo, na faraja yao ni Zaburi ya 150, ambamo matoazi yametajwa mara mbili kwa heshima. Lakini sisi, baada ya kuisikiliza santuri hii, tunadhani Mtume alijua vema alichokuwa akisema. Hakuna chombo kilicho rahisi zaidi kukipiga bila kumjali mtu. Filimbi humdai mtu pumzi, na zeze humdai vidole vilivyofundishwa. Toazi hata mtoto hulipiga, na chumba kizima kikageuka kumtazama. Kwa hiyo anayelipiga kwa kuwajali wengine ametoka mbali.

Tunafikiri hapa ndipo kijana wetu alipojaribiwa, na hatukuliona jaribu lake. Watu wachache wanaozungumza humjaribu mpiga ngoma kwa namna mbili. Ya kwanza ni kupiga kwa nguvu mpaka wanyamaze. Ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu haina kelele: kupiga ovyo, kwa kuwa hakuna anayejua tofauti. Tunaifahamu hiyo ya pili. Tumewahi kuhubiri mbele ya akina mama saba siku ya Jumanne kwa mahubiri ambayo tusingethubutu kuyatoa siku ya Pasaka, na wale akina mama walikuwa wametembea kilomita nne.

Siku kumi na moja baada ya Jumapili ile, tarehe 6 Julai 1961, Scott LaFaro alifariki katika ajali ya gari barabarani, katika jimbo hilo hilo la New York. Bill Evans alivunjika moyo, akakaa muda bila kupiga hadharani. Kutokana na rekodi za siku ile ilitolewa kwanza santuri iliyoitwa Sunday at the Village Vanguard, na vipande vyake vilichaguliwa ili besi ya marehemu isikike. Inaanza na kumalizika kwa tungo zake mwenyewe. Ya pili, Waltz for Debby, ikafuata mwaka 1962. Leo wapenzi wa muziki huo huzitaja zote mbili miongoni mwa rekodi bora kabisa za jazz zilizowahi kufanywa mbele ya watu.

Wako wanaoisimulia habari hii kana kwamba kifo ndicho kilichoifanya siku ile kuwa kubwa. Tunawapinga. Kifo hakikuongeza noti hata moja. Yote yanayosifiwa leo yalikuwamo chumbani mchana ule, mbele ya wale waliokuwa wakigonganisha glasi, na yangebaki vile vile hata kama LaFaro angeishi miaka tisini na kanda zikatupwa jalalani. Kilichobadilika ni masikio ya watu. Na inasikitisha kwamba masikio yetu mara nyingi husubiri msiba.

Tena hesabu ya watu ina mizaha yake. Miaka minane baadaye, Agosti 1969, Paul Motian huyo huyo alikuwa jukwaani Woodstock akimpigia dramu mwimbaji Arlo Guthrie, katika tamasha linalokadiriwa kuhudhuriwa na watu zaidi ya 400,000. Kwa kipimo cha vichwa, hiyo ndiyo ingekuwa siku kuu ya maisha yake. Lakini mtaje Motian mbele ya mpiga dramu yeyote anayempenda, naye atakupeleka moja kwa moja kwenye kile chumba cha chini ya ardhi. Wengi hata hawajui kwamba alifika Woodstock.

Hadi hapa tungeweza kuishia, na kijana angesoma, akaelewa kwamba Padre anamwambia awe mnyenyekevu na aendelee. Lakini ipo sehemu ya habari hii isiyotufaa sisi wenye kuhubiri unyenyekevu, na ingekuwa si uaminifu kuificha. Mwaka 1964 Motian alimwacha Bill Evans. Waliachana wakiwa California, kati ya mkataba, na kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye, sababu ilikuwa kwamba muziki ulikuwa umepungua sauti mno, hata akawa hajioni tena kama anapiga kitu. Yule yule aliyejua kunyamaza kuliko wenzake alifika mahali akasema, basi, imetosha.

Tulipoisoma habari hiyo mara ya kwanza tulimwona mwenye kiburi. Sasa tunamwona mwenye haki. Kujipunguza ili mwenzako asikike ni jambo la hiari. Siku linapogeuka kuwa amri ya kila siku, aliyepunguzwa hatoi tena, ananyang'anywa. Na sisi, katika miaka miwili ambayo kijana huyu amepiga dramu kanisani, tumemtumia ujumbe mara nyingi kupitia mwalimu wa kwaya. Apunguze. Apunguze wakati wa matoleo, apunguze Jumapili ya Matawi, apunguze kwa sababu Askofu anakuja. Alipunguza kila mara. Tumejaribu kukumbuka siku moja tuliyomwita tukamwambia, "Leo umepiga vizuri," na hatukuipata.

Motian baada ya kuondoka hakupotea. Alipiga kwa miaka na Keith Jarrett, akajifunza kutunga, mwaka 1973 ikatoka santuri ya kwanza kwa jina lake, akiwa amepita miaka arobaini. Baadaye alikuwa na kundi lake mwenyewe lenye gitaa la Bill Frisell na saksafoni ya Joe Lovano, na hilo lilidumu miaka mingi. Tena alikuwa na desturi inayotupendeza: aliandika daftarini kazi alizofanya, mahali, na fedha alizolipwa. Hakuona aibu kuandika fedha. Sisi katika mambo ya kanisa huona aibu kuzitaja, na matokeo yake ni kwamba anayetoa nauli ni yule asiye nacho. Tumekwisha kuuliza: usiku ule wa watu kumi na tisa, karatasi za matangazo na bajaji iliyobeba vyombo vililipiwa na vijana wenyewe. Halmashauri ya walei imepewa habari, na fedha hizo zitarudishwa juma hili.

Kuhusu maharusi, hatuna neno baya. Ni kazi halali na watu wanafurahi. Kijana akienda huko aende kwa baraka zetu, tena adai malipo yake mapema. Tunachokataa ni ile sababu yake, kwamba kule watu wapo. Hata ukumbini watu walikuwapo. Kumi na tisa ni watu. Hata wale watano wa mvua, nani ajuaye walichokwenda nacho nyumbani? Wale waliokaa Vanguard mchana ule wa Juni nao huenda hawakujua walichokuwa wanakisikia, na bado walikuwa sehemu ya chumba ambamo muziki ule uliwezekana. Muziki wa namna ile hauwezekani uwanjani. Brashi haisikiki kwa watu laki nne. Unahitaji chumba kidogo, na chumba kidogo hakina budi kuwa na watu wachache.

Limebaki moja ambalo tumelichelewesha kwa makusudi. Usiku ule sisi tulikuwa katika nyumba ya mapadre, hatua zisizozidi mia moja kutoka ukumbini. Dirisha lilikuwa wazi. Tulikuwa na mafaili ya hesabu za parokia mezani na kikombe cha chai, na kupitia sauti ya mvua tulisikia toazi likiguswa mara moja, likiachwa lilie, na kinanda kikiingia pale lilipoishia. Tulisimamisha kalamu. Tukasema moyoni, vijana wanafanya mazoezi, wanaendelea vizuri; kisha tukarudi kwenye hesabu. Tangazo lao lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wetu wenyewe tangu Jumapili, nasi tulikuwa tumepita mbele yake labda mara ishirini.

Motian katika miaka yake ya mwisho aliacha kusafiri, akabaki New York, na mahali alipopiga zaidi palikuwa pale pale chini ya ngazi. Septemba 2011 alipiga Vanguard kwa mara ya mwisho, miaka hamsini baada ya Jumapili ile. Alifariki Novemba 22 mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 80.

Kijana wetu tulimwita juzi, tukamwambia haya kwa kifupi, na lile la dirisha tulimwambia kwanza. Alicheka, kisha akauliza kama kweli tulisikia pale toazi lilipoachwa. Tukamwambia tulisikia. Akasema pale ndipo alipokuwa amejitahidi zaidi, na kwamba mpiga kinanda hakuwa ameambiwa aingie, aliingia tu.

Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni watapiga tena ukumbini, wote watatu. Sisi tutakaa safu ya pili, upande wa dramu. Hakuna kiingilio. Mvua ikinyesha, mlango utakuwa wazi.